Sentimita Mbili
Sehemu ya tisa

Tulimwacha Chapuchapu amepiga magoti sakafuni, katika banda la kupimia samaki, kisu chake cha kazi kimelala juu ya ubao wa mdogo wake, na macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Kwa wewe uliyepitwa na gazeti la wiki iliyopita kwa sababu zako mwenyewe, shika haya ya haraka. Chapuchapu ni mkata minofu wa kiwanda cha samaki, mwenye mkono mwepesi kiasi kwamba hata Meneja amesahau jina lake halisi. Mdogo wake, ambaye mji mzima humwita Rula, ni mpimaji wa idara ya uvuvi. Ghuba yao imefungwa miezi minne sasa, hakuna kutia wavu, ili samaki wapate nafasi ya kukua. Wiki hii wamevuliwa samaki mia moja wa majaribio. Nusu yao wakifika sentimita hamsini, ghuba itafunguliwa Jumatatu. Wasipofika, itafungwa miezi mingine sita.

Rula alipima, akatangaza: hamsini na saba wamefika. Watu wakaanza kukumbatiana barabarani.

Chapuchapu peke yake hakukumbatia mtu. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwapasua wale samaki, na aliona jambo. Samaki walioandikwa hamsini na moja walilala ndani ya trei ya sentimita hamsini bila kukunja mkia. Basi Ijumaa asubuhi akaingia bandani, akalaza kisu chake juu ya ubao. Bapa la kisu hicho lina sentimita ishirini, kiwanda kilichokitengeneza kimezichapa kwenye chuma.

Ubao ulisema ishirini na mbili. Hapo ndipo tulipokata, na barua zenu za matusi nimezipata.

"Hicho kisu kimelika, dada," Rula alisema upesi mno.

"Kisu kikilika hupungua. Hiki kimeanza lini kurefuka?"

Rula akacheka, kisha akajifanya anatafuta kalamu mezani. Kalamu ilikuwa sikioni kwake.

"Nipe karatasi moja ya kuchapishia," Chapuchapu alisema. "Kwenye pakiti wameandika urefu wake."

Pakiti ilisema milimita mia mbili tisini na saba. Chapuchapu hakukaa sana shuleni, maana aliacha ili huyu mdogo wake asome, lakini alijua hiyo ni sentimita thelathini kasoro kidogo. Akachomoa karatasi, akaisukuma mpaka ikagusa kile kibao kilichosimama mwanzoni mwa ubao, pale pua ya samaki inapogota. Ncha ya pili ya karatasi ikavuka thelathini, ikavuka thelathini na moja, ikasimama jirani na thelathini na mbili.

Rula aliacha kutafuta kalamu.

"Hesabu nafasi kutoka kwenye kibao mpaka namba ya kwanza," dada mtu alisema.

Namba za ubao ule zilichapwa kila baada ya sentimita tano. Kutoka mwanzo mpaka ile tano ya kwanza palitakiwa pawe na nafasi tano. Rula akainama, akaweka kidole. Moja. Mbili. Tatu. Kidole kikagota kwenye tano.

Akahesabu tena, taratibu, kama mtu anayebembeleza. Zilibaki tatu.

"Tangu lini?" Chapuchapu aliuliza.

Rula alikaa juu ya trei iliyopinduliwa. Juu ya kichwa chake, ukutani, ilining'inia barua ya pongezi ndani ya fremu: Kituo cha Mfano.

"Tangu shemeji aliponitengenezea," alijibu kwa sauti ndogo. "Miaka miwili iliyopita. Kichwa cha ubao kilioza kwa maji. Niliwaandikia makao makuu mara tatu, kimya. Shemeji akasema lete, kitu kidogo hicho. Akakata palipooza, akapigilia kibao upya."

"Na wewe hukuukagua?"

"Dada, ule ni ubao! Mimi napima samaki. Nani hupima ubao?"

Shemeji anayetajwa hapo, msomaji, ni Nahodha, mume wake mwenyewe wa ndoa, baba wa watoto wake watatu.

Rula alivuta daftari. Akapunguza sentimita mbili kwa kila samaki, mstari baada ya mstari. Wale wa hamsini na wa hamsini na moja walikuwa wengi, na wote wakadondoka. Alipofika mwisho wa ukurasa alifunga daftari.

"Wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

Msomaji, thelathini na mmoja si nusu ya mia, hata ukitia chumvi kiasi gani.

Rula akainuka, akafunga mlango wa banda, akaja kumshika dada yake mikono yote miwili.

"Sikiliza, dada. Kikao ni saa nane. Mimi nitasoma hamsini na saba, Mtaalamu wa makao makuu atatia saini ghuba ifunguliwe, basi. Jumamosi nautengeneza ubao kimyakimya. Mwakani kila kitu kitakuwa sawa. Hakuna atakayejua."

"Mimi ninajua."

"Ghuba isipofunguliwa Meneja anafunga meza za kukatia, amesema mwenyewe. Wanawake mia moja na arobaini, dada, wewe ukiwemo! Na mimi? Watasema nimeghushi. Nitafukuzwa, labda nifungwe. Kwa sentimita mbili? Hata kidole gumba ni kirefu kuliko hizo!"

Chapuchapu alijitoa mikononi mwake.

"Unaikumbuka ile ndoo ya mayai?"

"Ndoo gani?"

"Pale mezani kwetu. Zamani, kwa siku nzima, mayai ya samaki yalikuwa yanajaa ndoo moja. Samaki wengi walikuwa wameshataga, mifuko imelegea kama soksi. Miaka miwili hii ndoo tatu zinajaa kabla ya chai. Sisi tukawa tunacheka, tunasema samaki siku hizi wamenona." Akagonga ubao kwa kidole. "Hawakunona, Rula. Tulikuwa tunawapasua kabla hawajazaa hata mara moja. Mwenye hamsini ameshataga. Mwenye arobaini na nane ana mayai tumboni, bado miezi miwili. Hizo ndizo sentimita mbili zako. Hesabu ndoo tatu kila siku, miaka miwili, kisha niulize kwa nini ghuba imekauka samaki mpaka ikafungwa."

Rula alifunika uso kwa daftari. Chapuchapu alimwonea huruma, huruma ya kweli, kwa sababu mdogo huyu alikulia mgongoni kwake. Lakini kisu alikiokota na mlango akaufungua.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shemeji yako."

Njiani ilimbidi apite mbele ya geti la kiwanda. Alitamani ajifiche, lakini Mama Pacha alimwona kabla hajageuza njia.

Mama Pacha alikuwa mwenzake wa meza moja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo. Alikuwa ameosha mabuti yake ya mpira na kuyaanika juani, tayari kwa Jumatatu, pamoja na mabuti ya wenzake, jozi kwa jozi, yamejipanga chini ya ukuta.

"Chapuchapu! Jumatatu, mama! Nimeshawaambia mapacha warudi kutoka kwa bibi yao. Miezi minne sijawaona wanangu."

"Wamekwisha panda gari?"

"Asubuhi hii. Mbona umepoa hivyo? Unaumwa?"

"Jua tu," alisema Chapuchapu, na hata mwenyewe hakuusadiki uongo wake. Alipofika kona aligeuka, akaona yale mabuti yanang'aa.

Nahodha alikuwa kwenye boti yake gatini, anapitisha kamba mpya kwenye wavu. Huyu ni mtu ambaye manahodha wenzake humwogopa kuliko askari wa doria. Samaki akipungua hata kwa upana wa unywele, humrudisha majini. Miaka miwili mfululizo ni mwenyekiti wa kamati ya manahodha, na ni yeye aliyemshtaki mwenzao mmoja kwa kuleta samaki wadogo, mpaka yule bwana akanyang'anywa leseni na kuhama mji.

"Mama watoto! Umeniletea chai?"

"Nimekuja kuuliza jambo. Ule ubao wako wa kupimia, ulioko hapa botini, uliutengeneza kwa kipimo gani?"

"Kwa kipimo cha Rula. Niliulaza juu ya ule wa kwake nikachora. Si mimi tu, wote tulichora pale. Hatukutaka mtu aje aseme kipimo changu hivi, chako vile."

Chapuchapu alishika ukingo wa boti.

"Wote? Boti zote?"

"Boti zote ishirini na tatu. Nilihakikisha mwenyewe. Kwani vipi?"

"Ulipomtengenezea Rula ubao, ulikata wapi?"

"Kichwani. Palikuwa pameoza, nikakata kipande kidogo tu, kiasi hiki." Akaonyesha kwa vidole viwili, anatabasamu. "Kisha nikarudisha kibao chake palepale mwisho. Kazi safi. Mbona unaniangalia hivyo?"

Alimwambia. Alimwambia yote, kuanzia trei mpaka karatasi, na tabasamu la Nahodha lilikuwa linapungua kadiri alivyosema. Mwisho, mwanamume aliinuka, akafungua sanduku la zana, akatoa ubao wake. Akahesabu nafasi kwa kidole. Tatu.

"Kwa hiyo mimi…" alianza, akashindwa.

"Hukujua, mume wangu."

"Nimerudisha majini samaki wangapi kwa ubao huu, nikijisifu? Na niliowaleta? Miaka miwili ninawaleta wa arobaini na nane, nimenyoosha shingo!" Sauti ilimpanda, mafundi wa boti ya jirani wakageuka. Akaishusha. "Yule bwana nilimtoa mjini, mama watoto. Watoto wake waliacha shule. Nilisimama mbele za watu nikamwita mwizi, kumbe nami ninaleta wadogo vilevile."

"Kikao ni saa nane. Nataka kusema."

Nahodha akaurudisha ubao sandukuni na kukaa tena kwenye wavu.

"Mimi sikuambii useme, wala sikuambii unyamaze," alisema bila kuinua uso. "Lakini ujue ukisema, kesho jina langu litakuwa chini ya miguu ya watu. Baada ya hapo usiniulize kwa nini sitoki nyumbani."

Kamba ikaendelea kupita kwenye wavu. Chapuchapu akaondoka.

Alikwenda nyumbani moja kwa moja. Si kulia, ingawa machozi yalikuwa karibu. Kitu kimoja kilikuwa kimemjia akilini pale gatini, wakati mumewe anaonyesha ukubwa wa kile kipande kwa vidole viwili.

Meza yao ya kulia chakula ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kwa muda mrefu ilikuwa ikiyumba na kumwaga uji wa watoto, mpaka siku moja Nahodha akarudi kutoka kazini na kipande cha mbao, akakichomeka chini ya mguu, na meza ikatulia. Chapuchapu alikuwa akifagia pembeni yake kila asubuhi.

Akaingia sebuleni, akainua meza kwa bega, akakivuta. Kilikuwa kimeoza upande mmoja. Akakipangusa kwa khanga. Vikaonekana vijistari viwili vyeusi, na kabla yake, kwa rangi nyekundu iliyofifia, namba sifuri.

Miaka miwili familia yake ilikuwa inakula juu ya ushahidi! Alikifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili. Meza ikabaki imeinama upande.

Saa nane kamili walikuwa wameketi katika chumba cha mikutano cha kiwanda, chumba chenye feni inayozunguka kwa kelele na meza ndefu ya kioo. Mwisho wa meza alikaa Meneja, shati limetota makwapani. Katikati alikaa Mtaalamu wa samaki kutoka makao makuu, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani, mkoba wa ngozi miguuni, kalamu ya saini mkononi tayari. Rula alikuwa mbele yake na daftari, na ule ubao wake umelazwa mezani kama desturi ya kikao. Chapuchapu aliwekwa kwenye kiti cha pembeni, maana alikuja kutoa taarifa ya matumbo ya samaki, na watu wa matumbo hawaketi kwenye kioo.

"Kijana wangu wa mfano," Mtaalamu alimwambia Rula kwa upendo. "Tusomee."

Rula alisimama. Alimtazama dada yake mara moja tu. Chapuchapu alimwangalia kwa macho ya kumsihi: sema mwenyewe, mdogo wangu, usiningoje mimi.

"Samaki waliopimwa, mia moja," Rula alisoma. "Waliofika sentimita hamsini…" Akageuza ukurasa. "Hamsini na saba."

Meneja alipiga makofi. Mtaalamu akavuta fomu karibu.

"Mama, taarifa ya matumbo kwa kifupi," alisema huku akitafuta mahali pa kutia saini.

Chapuchapu alisimama. Alimfikiria Mama Pacha, na gari lenye watoto wawili ndani, liko njiani wakati huohuo.

"Wengi wana mayai ambayo hayajawahi kutoka," alisema. "Ni kwa sababu hawajafika hamsini. Ubao ni mfupi."

"Samahani?"

"Ubao umekatwa kichwani, sentimita mbili. Hesabuni wenyewe nafasi za mwanzo."

Meneja aliruka. "Mama, umeitwa kwa habari ya matumbo, si ya useremala! Kaa chini!"

Hakukaa. Alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akakiweka kile kipande juu ya kioo. Kiligonga kwa sauti ndogo. Rula akafumba macho.

Mtaalamu alikichukua kwa ncha za vidole. Akakigeuza, akaiona sifuri. Akakisogeza kwenye kichwa cha ubao, nyuma ya kile kibao, na mstari wa mbao ukaungana na mstari wa mbao kama jino na pengo lake.

Sasa, msomaji, Chapuchapu alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Alijiandaa kwa kelele za Meneja, kwa kilio cha mdogo wake, hata kwa kusukumwa nje. Hakujiandaa kwa alichokiona. Mtaalamu alikuwa anatetemeka.

"Mwaka jana," Mtaalamu alisema polepole, kama anayejisemea, "nilikuja hapa mwenyewe. Kituo cha mfano. Nikachora kipimo kutoka kwenye ubao huu. Nikavitengenezea vituo vingine vyote kumi na kimoja."

"Vyote?" Meneja aliuliza.

"Ziwa zima. Ghuba saba zimefunguliwa mwezi uliopita. Kwa saini yangu."

Ghuba saba! Maelfu ya boti zilikuwa majini muda huo, zinavua samaki wenye mayai, kila nahodha na ubao wake mkononi, kila mmoja anaamini anafuata sheria. Chapuchapu alidhani jambo lake lilikuwa la familia moja na kiwanda kimoja. Alishika kiti.

Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine, na mkono wake haukutetemeka tena.

"Nani mwingine anajua?"

Mwanamke yule akainama, akafungua mkoba wake wa ngozi, akakitumbukiza kile kipande ndani, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Tumesikia taarifa ya matumbo," alisema. "Ghuba inafunguliwa Jumatatu kama ilivyopangwa. Mpimaji, ubao huu umechakaa, utapelekewa mpya. Kikao kimekwisha."

"Mama!" Chapuchapu alilia. "Hicho ni changu!"

"Hakuna kitu chako hapa. Meneja, mwenzetu huyu amechoka. Nadhani apumzike kazi kwa muda."

"Hata mwaka mzima," alisema Meneja kwa furaha.

Kalamu ikagusa fomu.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, ukagonga ukuta.

Nahodha alikuwa amesimama pale, na jasho, na mikono yake yote miwili imekumbatia mzigo wa mbao. Mbao za kupimia samaki, ndefu, chafu, zina magamba yaliyokaukia, nyingine zimechongwa vibaya, nyingine zimepakwa rangi ya boti. Alikuwa amepita boti kwa boti na kuzidai zote. Aliingia bila kuomba ruhusa, akazimwaga mezani, nyingine zikaanguka chini, na mojawapo ikaubingirisha mkoba wa ngozi.

"Ishirini na tatu," alisema, anahema. "Zote zina nafasi tatu. Nimesikia yote hapo mlangoni, hata zipu ya mkoba. Na hizi zitaenea humo?"

Chapuchapu aliangua kilio. Alilia kwa furaha na hofu pamoja, maana mume wake alikuja, na kwa kuja kwake amejitia kitanzini.

Mtaalamu hakuinua sauti. Alizitazama zile mbao, akamtazama Nahodha, na ilionekana wazi kwamba anahesabu njia za kutokea. Kisha akaipata moja.

"Vizuri," alisema. "Basi tufanye kwa utaratibu. Kipimo cha serikali hakijikati chenyewe. Mtu aliyeuharibu ubao huu amepotosha ziwa zima, na hilo ni kosa la jela. Si la kituo, wala si la makao makuu. Ni la mtu mmoja. Meneja, piga simu polisi. Nauliza mara moja tu: nani aliukata?"

Meneja tayari alikuwa na simu sikioni.

Nahodha alinyoosha shingo, ile shingo yake ya siku zote, akafungua mdomo.

"Ni mimi."

Lakini sauti haikuwa yake. Rula alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, daftari limeanguka miguuni, uso umemkauka lakini macho yametulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nilikata mwenyewe, kwa msumeno wa kuazima," alisema. "Ubao ni wangu, kituo ni changu. Hakuna mwingine."

"Shemeji, acha ujinga," Nahodha alianza. "Ukweli ni kwamba…"

"Wewe shemeji nyamaza! Una watoto watatu."

"Nyamazeni wote," Mtaalamu alisema. Alikuwa ameufungua mkoba wake tena. Alikiweka kile kipande katikati ya kioo, namba sifuri ikitazama juu, na akakisukuma kwa kidole kimoja mpaka kikasimama mbele ya Chapuchapu.

Chapuchapu alipangusa machozi. Kushoto kwake alisimama mdogo wake aliyemlea mgongoni, anamwomba kwa macho. Kulia alisimama mumewe, naye anamwomba kwa macho, na kila mmoja alikuwa anaomba kinyume cha mwenzake. Tangu asubuhi alikuwa akipigania ukweli usemwe katika chumba kile.

"Mama, wewe ndiye uliyekileta," Mtaalamu alisema kwa upole. "Hebu tuambie. Ulikitoa nyumbani kwa nani?"